Tulivyoiswaga Pikipiki Hadi Gatina

Mmeniuliza nyote, kila mtu na saa yake. Alianza yule mama wa makaa pale kona, wakafuata wale wa bomba la maji, mwishowe hata pasta: "Ambani, pikipiki iko wapi? Mbona siku hizi sukuma wiki inakuja na mkokoteni?" Nimechoka kujibu vipande vipande. Wengine wenu mmeshaanza kusema niliiuza nikanywa. Basi kaeni chini niwaambie yote mara moja, na mtu asinikatize, maana nikiikumbuka ile siku damu bado inanipanda.

Mnajua mimi nalima kando ya dam, lile bwawa letu hapa Silanga, Kibera, na pikipiki ndiyo ilikuwa miguu yangu. Na Rose mnamjua sasa, lakini wakati huo hamkumjua. Alikuwa akitengeneza kucha za akina mama kule Gatina, Kawangware, kwenye kibanda kilicho chini ya ghorofa wanamokaa watu wa kwao. Siku ya kwanza nilipopeleka mboga pale, aliangalia vidole vyangu vilivyojaa udongo akaniuliza, "Wewe unakula na hizi kucha?" Nikampenda hapo hapo. Sina maelezo mengine.

Mambo ya mahari yalikuwa yamekwisha huko nyumbani, wazee na wazee, isipokuwa ng'ombe mmoja. Huyo alitakiwa afike Nairobi, mlangoni kwa baba yake Rose. Sasa, ghorofa lile la Gatina lina keateka, msimamizi wa nyumba, ambaye alikataa hata kuku mmoja kwenye baraza. Ndipo ami yake Rose, anayeitwa Anko Javan, alipopata wazo: ng'ombe huyo awe pikipiki yangu, imfae kaka yake Rose kwa kazi. Sote tukapiga makofi. Hatukujua kwamba Anko Javan ni mtu wa kushika mila hata ikimtoka mikononi.

Mara ya kwanza tulienda mimi nimeipanda, nikapiga honi langoni. Tulirudishwa kabla ya chai.

"Umewahi kuona mtu anakuja kuoa amepanda ng'ombe?" Anko Javan aliuliza. "Ng'ombe wa mahari hapandwi. Anaswagwa kwa miguu, na kamba. Na akifika tunamkagua. Akiwa na kilema anarudi, na mkirudishwa naye mara ya pili, ya tatu msijisumbue."

Usiku Rose alinipigia simu. "Ambani, mimi sitatoroka na mfuko wa nailoni kama msichana asiye na kwao. Nataka nitoke nikiimbiwa. Wakikurudisha tena, mimi na wewe basi." Kisha akasema kwa hasira, "Na unajua mimi wataniita mwisho, nimefunikwa leso. Wananiuliza mara moja, naitikia kwa kichwa, halafu Anko ndiye anawaambia watu nimesema nini."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Wanaume tunasema hivyo tukiwa hatujui la kufanya.

Silanga: kamba

Asubuhi ya safari niliiosha ile pikipiki kuliko nilivyooga mimi mwenyewe. Mzee Ramadhani alikuwa ameshafika. Huyu ni landilodi wangu, Mnubi wa Makina, mwenye kofia nyeupe iliyopigwa pasi, fimbo, na maneno mengi. Alikubali kuwa msemaji wetu kwa sababu bwana harusi haruhusiwi kufungua mdomo siku hiyo, na kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuufunga wake.

"Kijana wangu," aliniambia, "leo wewe ni bubu. Mimi ndiye ulimi."

"Sawa, Mzee."

"Umeshasema tayari."

Alifunga kamba ya katani kwenye usukani, fundo zuri la kufungia mbuzi, akatangulia mbele akiwa ameishika. Mimi nikatoa gia, nikatia ufunguo mfukoni, nikasukuma kwa nyuma. Tulipopita kwa wauza makaa, kila mtu akawa fundi.

"Imekufa?"

"Haijafa," akajibu Mzee Ramadhani. "Ni nzima kabisa."

"Imeisha mafuta?"

"Tangi limejaa."

"Sasa mbona mnaisukuma?"

Mzee akasimama kuwaeleza, na akianza kueleza jambo huanza tangu babu yake alivyovaa sare za jeshi la Mwingereza. Alipofika kwenye pikipiki, tulikuwa tumeshaambiwa tubadilishe plagi, tusafishe kabureta, na tumuone mganga fulani. Hakuna aliyesikia neno ng'ombe. Mama mmoja alitupa pole akanitilia nyanya mfukoni.

Gatwekera: omena kwanza

Ilibidi tupite Gatwekera kumchukua Senge Beldina, dada ya marehemu baba yangu. Ujumbe wa kuoa bila mwanamke wa ukoo ni kikundi cha wahuni tu, hilo hata mimi nalijua. Nilikuwa nimemwomba awe tayari mlangoni. Tulimkuta anapika.

"Senge, tumechelewa!"

"Umechelewa kuoa, hujachelewa kula. Mkifika huko na njaa mtaanza kumeza mate mbele ya wakwe. Kaa."

Basi tukakaa, pikipiki ikiwa imefungwa kamba kwenye mlingoti wa nguo. Ugali mkubwa, omena ya kukaangwa na nyanya, sukuma ambayo niliitambua kuwa ya shamba langu. Mzee Ramadhani alisifu kila kitu mara mbili na akaongezwa mara mbili. Senge akajifunga leso, akabeba kikapu cha mkate na sukari, akamkumbatia kuku mwekundu chini ya kwapa, na hapo ndipo tukatoka.

Sasa, mnajua vijia vya Gatwekera. Mabati huku, mabati kule, na katikati mtaro. Mahali palipokuwa na ubao wa kuvukia, ubao ulikuwa umeenda kupika chai ya mtu. Vijana waliokuwa wamekaa hapo wakaja kusaidia kabla hatujaomba, Mungu awabariki na awasamehe. Mmoja akashika gurudumu, mwingine taa. Wa tatu hakuona pa kushika, akaishika ile kava ya plastiki ya ubavuni, chini ya kiti, kama mpini wa sufuria.

"Moja, mbili, inua!"

Tak!

Pikipiki ilivuka mtaro. Kava ilibaki mkononi mwa kijana. Aliigeuza, akaichungulia, akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Buda, kwani hii ilikuwa imeshikwa na nini?"

Ilikuwa imeshikwa na vidole vitatu. Ni vidole vidogo vya plastiki vilivyo nyuma ya kava, vinavyoingia kwenye raba za fremu, na huna habari navyo mpaka siku vikatike. Vyote vitatu vilikuwa vimekatika na kubaki ndani ya raba. Ubavu wa pikipiki ulikuwa wazi, betri na nyaya zote nje, matumbo yakionekana. Sioni haya kuwaambia kwamba machozi yalinijia. Akilini nilimwona Anko Javan akiangalia lile tundu. Nilimwona Rose akikata simu.

"Hiyo ni soli tu," ikasema sauti.

Alikuwa fundi viatu, kibanda chake kiko hapo hapo kwenye kona ya mtaro. Akaichukua kava bila kungoja jibu, akatia sindano yake kwenye moto, akatoboa matundu, akaishona kava kwenye fremu kwa uzi mweusi uliopakwa nta. Alishona kwa ufundi mkubwa, hilo siwezi kumnyima.

"Inapendeza," akasema Mzee Ramadhani.

"Inapendeza wapi?" akasema Senge. "Inafanana na tumbo la mtu aliyepasuliwa hospitali."

Reli na Olympic: plastiki zisizosikizana

Kutoka Gatwekera unapanda mpaka reli, na ukifika reli unakuta soko limekalia reli. Tuliinua gurudumu la mbele juu ya chuma cha kwanza, likashuka kwa kishindo, tukainua tena kwenye cha pili. Pale kati Mzee Ramadhani akakutana na mtu anayefahamiana naye akaanza kumsalimia, kamba ikiwa mkononi, pikipiki ikiwa imelala kwenye mataruma, na treni, kwa hisani yake, ikapiga honi upande wa Makina. Wauza mitumba walibeba bidhaa zao bila haraka kama watu waliozoea. Sisi hatukuzoea. Tuliburuta.

Tulipofika upande wa pili uzi ulikuwa umekata plastiki, kama unavyokata kipande cha sabuni. Kava ilining'inia kwa nyuzi mbili, na sasa, juu ya vidole vilivyovunjika, ilikuwa na matundu mapya pembeni.

Pale Olympic kuna fundi wa redio na televisheni. Aliitazama kazi ya mwenzake wa viatu akacheka sana, kisha akachukua kipande cha beseni la buluu na chuma chake cha kulehemu. Akayeyusha, akapaka, akaumba. Moshi ule ulimfanya kuku wa Senge apige chafya. Sikujua kuku hupiga chafya. Fundi akatutengenezea vidole vitatu vya buluu, vinene na vizuri. Tukangoja vipoe huku tukila chapati na maharage ya madondo kwa jirani, kwa sababu Senge alisema omena ilikuwa imeshashuka.

Tuliporudi, fundi alikigonga kidole kimoja kwa ukucha ili atuonyeshe uimara. Kikaanguka. Akagonga cha pili. Kikaanguka. Cha tatu kilianguka chenyewe, kwa woga.

"Aah," akasema. "Hizi plastiki haziskizani. Beseni ni beseni, nduthi ni nduthi."

"Ungejua hilo kabla ya madondo," akasema Senge.

Mzee Ramadhani akashauri tuitie kava kikapuni na yeye aseme mbele ya wazee kwamba ng'ombe huyu alizaliwa hivyo. Nikasahau kwamba mimi ni bubu, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa kwa heshima ya umri wake.

Ngong Road: tulivyokaribia kuwa wezi

Tulitoka Kibera kimya, kava kikapuni pamoja na mkate, tukashika Ngong Road kuelekea Dagoretti Corner. Fikirieni jinsi tulivyoonekana. Mzee wa kofia nyeupe anavuta pikipiki kwa kamba. Mama ana kuku. Kijana aliyevaa suti, mwenye jasho, anasukuma, hataki kumtazama mtu. Pikipiki imetolewa ubavu, nyaya nje, kama vile mtu amejaribu kuiwasha bila ufunguo.

Wenye boda wa pale kona walituzunguka kabla hatujafika kwao.

"Niaje wazee. Hiyo nduthi ni ya nani?"

Mimi, kwa utiifu, nikanyamaza. Tayari nilikuwa nimevunja sharti moja pale Olympic, sikutaka kuongeza.

"Wewe msee, si unaongeleshwa?"

Nikamwonyesha Mzee kwa kidevu. Mzee Ramadhani akakohoa, akaegemea fimbo yake na kuanza: "Vijana wangu, babu yangu alipofika nchi hii akiwa askari..."

"Mzee, hatujauliza babu. Huyu mbona haongei? Kama ni yenu, washeni tuone."

Sasa angalieni shida hiyo. Ufunguo uko mfukoni mwangu. Nikiuzungusha mara moja tu, tumeokoka. Lakini Anko Javan alikuwa amesema ataishika injini kwa mkono wake, na akiikuta ina joto, basi ng'ombe amepandwa. Na mnajua watu wa boda wakisikia neno mwizi. Mmoja alishainama kuokota jiwe. Nikawa nimesimama pale kati ya jiwe na mke, na niwaambie ukweli, nilikuwa bado nahesabu lipi linauma zaidi.

Senge Beldina akamkabidhi aliyeshika jiwe yule kuku. Hakumwomba, alimpa tu, na mtu akipewa kuku huachilia jiwe.

"Nyinyi mmeoa?" akawauliza.

Wakatazamana.

"Nimeuliza mmeoa? Mahari mlipeleka nini?"

Jamaa mmoja mwenye koti la njano, mkubwa kuliko wote, akaangalia kamba, akaangalia suti yangu, akaangalia kuku. Akaanza kucheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo wa barabara.

"Woi! Hii ni ng'ombe!" alisema akifuta macho. "Wazee, waacheni. Mimi nilipeleka tangi la maji. Waliligonga-gonga wakaniuliza kama lina mimba."

Hapo mambo yakageuka. Kila mtu akawa na hadithi ya wakwe zake, na hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake nafasi. Mwenye koti la njano akaomba kuiona kava. Akatoa gundi ile kali ya kichupa kidogo, akamwendea mama wa mahindi ya kuchoma akachota jivu kwenye jiko lake. Akawa anadondosha gundi, ananyunyiza jivu, inatoa moshi, anaongeza. Vikaota vidole vitatu vya kijivu, vibaya kuvitazama, vigumu kama jiwe. Tukaisukuma kava mahali pake. Ikaingia. Ikakaa!

Niliwakumbatia wote. Senge akagawa mkate nusu, akamchukua kuku wake.

Halafu wakasema hawatuachi twende peke yetu. Basi tukashika Naivasha Road, sisi mbele na kamba yetu, wao nyuma na pikipiki zao wakiwa gia ya kwanza, honi zikilia kama za sherehe. Watu wakatoka madukani. Tulipoingia Kawangware akina mama walianza vigelegele, na kijana mmoja akatukimbilia akimuuliza Mzee Ramadhani, "Mheshimiwa, tisheti ziko kwa gari gani?" Mzee hakumsahihisha. Alipunga mkono. Nadhani hata sasa kuna watu Kawangware wanaongoja ahadi alizotoa njiani.

Gatina: pazia jekundu

Tulifika mbele ya ghorofa la kwao Rose jua likiwa bado zuri. Mwenye koti la njano akashuka kuniaga. Alikuwa na furaha kuliko mimi.

"Hongera, ndugu yangu!" alisema. "Hii ni ng'ombe safi!"

Akaipiga ubavuni kwa kiganja, kama mnavyompiga ng'ombe safi.

Tak.

Gundi na jivu ni ngumu kweli, lakini haijui kupinda. Kava ilianguka miguuni kwake. Aliitazama, akanitazama mimi, akasema polepole, "Mungu ni mwema," akapanda pikipiki yake akaondoka, na wenzake wote nyuma yake.

Kutoka baraza ya juu nikasikia sauti ya Anko Javan: "Wamefika? Waambieni wangoje, tunavaa viatu!"

Nilitaka kukaa chini pale pale kwenye vumbi na suti yangu. Senge akaokota kava kwa mkono mmoja na sikio langu kwa mkono wa pili, akanivuta mpaka kibanda cha kucha kilicho chini ya ghorofa. Mlangoni palikuwa na pazia jekundu, limefungwa, kwa sababu siku hiyo mimi sikuruhusiwa kumwona Rose kabla hajaitwa.

"Binti," Senge akaliambia pazia, "ng'ombe wako amevunjika."

Mkono ukatokea pembeni mwa pazia, kucha ndefu zilizochongwa vizuri, mkono ninaoujua popote.

"Lete."

"Rose, samahani, kule Gatwekera..."

"Si wewe ni bubu leo? Nyamaza."

Pazia halikufika chini sawasawa, na mimi ni mtu mrefu nikiinama vizuri. Niliona meza yake na mikono yake miwili tu. Alikwangua gundi na jivu kwa tupa ya kucha mpaka plastiki ikabaki safi na yenye mikwaruzo. Alikata vikaratasi vile vya kung'aa wanavyowavalisha akina mama chini ya ukucha, akavipinda vikawa vifereji vitatu. Halafu akafungua ile dawa ya maji yenye harufu inayokwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Anachovya brashi kwenye dawa, anagusa unga, unga unakuwa tone la uji mzito, analiweka, analipapasa, analiacha likae. Tone jingine. Alikuwa anavirefusha vidole vya pikipiki kama anavyorefusha kucha za mteja, na hakuwa na haraka hata kidogo.

Mezani palikuwa na vikopo viwili vya unga. Kimoja kilikuwa cheupe, ule unga ambao ukikauka huna habari kama upo, unapitisha mwanga kama kioo. Kingine kilikuwa cha waridi, chenye vimetameta.

Alikuwa amechovya kwenye kile cha waridi.

"Rose," nikanong'ona, "hiyo itaonekana!"

"Ambani, mimi nakufundishaga sukuma?"

Juu nikasikia mlango ukifungwa na viatu vikianza kushuka ngazi, viatu vya wazee wanaoshuka kwa mpango. Rose alipuliza. Akagonga kidole cha kwanza kwa ukucha wake, ti ti ti. Cha pili. Cha tatu. Hakuna kilichoanguka. Akang'oa vikaratasi, akapitisha tupa mara mbili, akatoa kava nje ya pazia.

Niliisukuma mahali pake. Tok, tok, tok. Nje ilikuwa safi kabisa, hata matundu ya fundi viatu alikuwa ameyaziba kwa rangi nyeusi ya kucha. Waridi yote ilikuwa ndani.

Ukaguzi

Anko Javan alivaa koti la baridi jua likiwa kali, maana ndilo koti lake la kazi hizi. Baba yake Rose alikuwa nyuma yake, mpole kama kawaida. Tangu nimjue sijawahi kumsikia akimaliza sentensi, kwa kuwa ndugu yake humalizia. Wapangaji walijaa kwenye baraza zote. Keateka alileta kiti chake.

Anko alianza kwa injini. Aliweka kiganja chote.

"Ni baridi," akatangaza. "Hajapandwa."

Makofi. Akaangalia taa moja, akaangalia ya pili. Akaminya gurudumu kwa vidole gumba. Akainama nyuma akanusa bomba la moshi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee Ramadhani alikuwa akisindikiza kila hatua kwa maneno: macho yanaona, kwato ni imara, ukoo wake ni wa heshima, babu yangu alipofika nchi hii...

Mkono wa Anko ukafika ubavuni. Ukapapasa. Ukarudi. Ukapapasa tena mahali palipo na rangi ya kucha.

"Huyu hajawahi kuumia hapa?"

Kabla Mzee hajapumua, Anko akaishika kava kwa mikono yote miwili akaing'oa. Tok, tok, tok. Akaigeuza juani.

Waridi. Na vimetameta vikawaka mbele ya ukoo mzima.

Mama mmoja wa ghorofa ya juu akapaza sauti kwa furaha, "Aii! Si hiyo ni ya Rose? Hata mimi niko nayo!" Akanyoosha mkono nje ya baraza. Jirani yake akanyoosha wake. Wa chini yao naye. Kufumba na kufumbua, ghorofa lote la Gatina lilikuwa linatupungia vidole vya waridi vyenye vimetameta, hata mama yake Rose mwenyewe, ambaye aliwahi kuurudisha mkono chini ya leso lakini tulikuwa tumeshauona.

Mzee Ramadhani alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Tangu nimefahamiana naye, hiyo ndiyo siku pekee.

Basi nikaona nimekwisha. Nikavunja mwiko wote uliobaki.

"Anko, ilivunjikia Gatwekera kwenye mtaro. Tumejaribu kila fundi njiani. Sikutaka kuwadanganya. Namtaka Rose, basi, hiyo ndiyo shida yangu."

"Nani amekuambia uongee?" Anko Javan akasema, bila kunitazama. Alikuwa bado anaangalia vile vidole. Akavijaribu kwa gumba, kimoja kimoja, kwa nguvu ya mtu anayetaka vikatike. Havikukatika.

"Kwetu," akasema kwa sauti ya kufika juu, "mwisho wa ukaguzi tunamuita msichana. Tunamuuliza: ng'ombe huyu tumpokee, ama tumrudishe? Na msichana akisema arudishwe, anarudi, hata awe wa dhahabu."

Akaisukuma kava mahali pake. Tok, tok, tok.

"Leo sina la kumuuliza. Ameshajibu. Amejibu kabla ya kuulizwa, mtoto huyu alikuwa hivyo tangu utotoni."

Akamgeukia ndugu yake. Kila mtu akamgeukia. Baba yake Rose akashika ile kamba ya katani, akaitazama kidogo.

"Mfungeni," akasema, na safari hii alimaliza mwenyewe.

Vigelegele vya siku hiyo bado navisikia. Pikipiki ikafungwa kwenye chuma cha ngazi. Senge akatoa kuku wake, na keateka, mbele ya watu wote, hakuthubutu kumkataa. Tulikula chapati na nyama mpaka Senge akasema inatosha, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia tena. Nikatoka nje kupunga upepo nikamkuta Anko Javan peke yake, ameweka fungu la sukuma mbele ya gurudumu. Hakujua nimemwona, nikarudi ndani polepole.

Tulirudi Silanga kwa miguu. Mikono yangu ilitembea njia nzima ikitafuta kitu cha kusukuma.

Rose aliimbiwa, kama alivyotaka, akaja. Jioni moja tukiwa mlangoni, ananikwangua udongo kwenye kucha kwa tupa yake huku akinigombeza, nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua muda wote. "Ule unga mweupe ulikuwa pale mezani, mkono wako uliupita. Ungeutumia, hakuna mtu angejua. Kwa nini ulitia waridi?"

Hakuinua macho kutoka kwenye kidole changu.

"Nilijua Anko lazima angeifungua," akasema. "Nilitaka akiifungua anikute."